Jioni katika Nyumba za Waislamu wa Kamwokya

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu wa Kamwokya, wanaume kwa wanawake! Katika mikutano ya jumuiya yamekwisha semwa mengi juu ya sala na zaka, ndoa na mirathi, na hayo ndiyo yapasayo. Mazungumzo haya yaingia kwa mlango mwingine. Yahusu mambo ya nyumbani: watu hukaaje tangu jua kutua hata kulala, hula nini, huzungumza nini, na watoto hucheza nini. Huenda mwenye elimu akaona kuwa hayo ni madogo, na kwamba mimbari haikuwekwa kwa ajili ya sufuria na michezo.

Mwenye kuona hivyo na ayakumbuke ya mwaka 1876. Uislamu ulikuwa umekwisha fika Buganda tangu zama za Kabaka Suuna. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim aliingia katika baraza yake mwaka 1844. Mwanawe Suuna, Kabaka Muteesa wa Kwanza, alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, akaendelea miaka kama kumi, akajifunza hati za Kiarabu na kusema Kiswahili. Kisha yakatokea yaliyotokea, na vijana wengi waliokuwa wakitumika katika jumba lake wakauawa kwa amri yake mwenyewe. Miongoni mwa mambo waliyoshtakiwa, moja lililomuudhi sana Kabaka ni kwamba walikataa kula nyama yake, kwa sababu aliyechinja hakuwa ametahiriwa. Vijana wale hawakufa katika vita vya kugombea nchi. Walikufa kwa jambo la sahani. Na habari yao husimuliwa hata leo, ilhali khutuba nyingi za wenye elimu wa zama zile zimesahauliwa.

Tena mtu akitaka kujua dini hii iliingia Buganda kwa njia gani, na asikilize maneno ya Kiganda yatumikayo chumbani na jikoni. Mganda, hata awe Mkristo wa baba na babu, hulala juu ya ekitanda, hula katika essowaani, huandaa chakula juu ya emmeeza, hunawa kwa ssabbuuni, huketi juu ya omukeeka, husoma ekitabo na hutazama essaawa. Maneno hayo yalipanda kutoka pwani pamoja na misafara. Na kanzu, iliyokuja na wafanyabiashara hao hao, leo ndiyo vazi la heshima la mwanamume wa Buganda siku ya kwenda kuposa, awe Mwislamu au asiwe. Nyumba ilitangulia, na misikiti mikubwa ikaja baadaye sana: ule wa Kibuli, katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, ulikamilika mwaka 1951, na ule wa Kampala ya Kale ukafunguliwa rasmi mwaka 2008.

(Lugha yenyewe iliyoyaleta maneno hayo imepata misukosuko. Mwaka 1973 ilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya kijeshi, na watu wengi wa Kampala wakaichukia kwa kuwa waliisikia vinywani mwa askari. Mwaka 2005 Katiba ikarekebishwa, ikawa lugha rasmi ya pili. Mtoto wa Kamwokya aisikiapo leo, aghlabu huisikia kwa jirani aliyetoka Kongo, wala hajui kuwa nusu ya vyombo vya mama yake vina majina kutoka lugha hiyo.)

Mtaa wa Kamwokya uko bondeni, chini ya kilima cha Kololo, Mulago ikiwa upande mmoja na Bukoto upande wa pili. Kule juu nyumba zina bustani na kuta ndefu. Huku chini, khasa upande wa Kifumbira, vyumba vimeshikamana ukuta kwa ukuta, na mvua kubwa ikinyesha maji hushuka kutoka vilimani yakaingia majumbani. Watu wengi hupanga muzigo, yaani chumba kimoja. Pazia hutenga kitanda cha wazazi na mahali walalapo watoto, masanduku hupangwa hata karibu na dari, na sigiri ya makaa hukaa nje penye kizingiti. Basi wengi husema: mtu akiwa na chumba kimoja, atakaa wapi na watoto wake? Ndipo baba hutoka baada ya Magharibi akaenda zake barabarani, na mwanawe wa kiume, akiisha kupata miaka kumi na miwili au zaidi, hutoka naye, kila mmoja na njia yake. Wabakiao ni mama na watoto wadogo.

Udhuru huo una kweli ndani yake, wala haufai kudharauliwa na mtu mwenye sebule. Watu saba, moshi na joto, na redio ya jirani ikilia nyuma ya ukuta, si jambo jepesi. Lakini na watu wakumbuke chumba cha Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa alikuwa akilala mbele ya Mtume naye anasali usiku, na alipotaka kusujudu humgusa miguu, naye huikunja. Akisimama, huinyosha tena. Na nyumba zao siku hizo, asema, hazikuwa na taa. Hasan al-Basri naye alisimulia kuwa alipokuwa kijana aliingia katika vyumba vya wake wa Mtume, na dari aliifikia kwa mkono wake. Huo ndio muzigo wa Madina. Asiyekuwa na nafasi ya kusujudu ila mkewe akunje miguu, hakupungukiwa na heshima yo yote mbele ya Mola wake.

Na ndani ya chumba hicho hicho palikuwa na michezo. Bibi Aisha alikuwa na wanasesere, na mmoja wao alikuwa farasi aliyetiwa mabawa ya vitambaa. Mtume alipomwuliza, akajibu kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mabawa, Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Siku ya Idi wasichana wawili walikuwa wakiimba na kupiga dufu, Abubakar akawakemea, na Mtume akamwambia awaache, kwani ni siku ya Idi. Siku moja Wahabeshi walipocheza kwa mikuki msikitini, yeye ndiye aliyemsimamisha mkewe nyuma yake atazame, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha alipochoka.

Liko na kisa kingine ambacho hakisomwi sana katika darsa, nacho kimo katika Bukhari na Muslim. Bibi Aisha alimhadithia Mtume habari ndefu ya wanawake kumi na mmoja walioketi wakaahidiana kutoficha lo lote katika mambo ya waume zao. Huyu mumewe mchoyo, huyu mumewe mlafi, huyu akisema neno huachwa na akinyamaza husahauliwa. Mpaka wa mwisho, Ummu Zar', aliyeneemeshwa na mumewe kisha akaachwa naye. Habari hiyo ni ndefu kweli kweli. Mtume aliisikiliza hata mwisho, kisha akamwambia mkewe kuwa yeye kwake ni kama Abu Zar' kwa Ummu Zar'. Mzigo wa umma wote ulikuwa juu ya mabega yake, na wajumbe wa makabila walikuwa wakimngoja, wala hakumwambia mkewe afupishe. Wangapi katika waume wa Kamwokya wamepata kumsikiliza mke hata mwisho wa hadithi moja, simu ikiwa imewekwa chini?

Atakuja mtu aseme: Mtume alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha. Naam, hadithi hiyo ni sahihi. Lakini Imamu Bukhari mwenyewe ameweka mlango maalumu juu ya mazungumzo ya usiku pamoja na mgeni na watu wa nyumbani, na wanavyuoni wamesema kuwa kilichochukiwa ni porojo imfanyayo mtu akose Alfajiri. Mwenye kukaa na wanawe akawafundisha na kuwafurahisha hayumo katika karaha hiyo.

Zamani si mbali, mazungumzo hayo yalikuwa na wakati wake bila ya mtu kuupanga, na sababu yake ilikuwa chungu. Matoke humenywa, hufungwa katika majani ya mgomba, huwekwa juu ya mvuke, kisha hutolewa yakabonyezwa kwa mikono na kurudishwa motoni. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Watoto wenye njaa hawawezi kungoja saa nyingi kimya; basi bibi aliwashika kwa vitendawili. Pwani mtegaji husema kitendawili, nao hujibu tega. Buganda mtegaji husema kkoyi kkoyi, nao hujibu lya. Kisha zikafuata hadithi za Wakayima, yule sungura mjanja, na chui aliyedanganywa naye. Chungu kilipoiva, watoto walikuwa wamekwisha kucheka na nusu ya njaa imesahauliwa. Siku hizi makaa ni ghali na mama hurudi kazini usiku umeingia. Kijana hununua chapati iliyokunjwa na mayai, iitwayo rolex, akaila kwa kusimama pale pale barabarani. Ni chakula kizuri, wala hakina kosa. Ila kimeondoa kule kungoja, na hadithi ilikuwa ikiishi katika kungoja.

Hadithi yenyewe haikufa, imehama. Ukipita Kamwokya usiku utasikia sauti ya mtu katika kibanda cha sinema, ana kipaza sauti, akifasiri kwa Kiganda filamu ya Kichina au ya Kimarekani, akiongeza mizaha yake, akiwapa wale wageni majina ya vijiji vya hapa. Jina lake mjini ni VJ. Haki isemwe, wengi wao ni mafundi wa maneno, na lau wangezaliwa miaka mia iliyopita wangekuwa wasimulizi katika mabaraza ya watu wakubwa. Kijana hufuata nini pale? Hufuata mtu mzima anayemhadithia jambo. Nyumbani hakuna amhadithiaye.

Laiti ingekuwa ni filamu tu, na mpira wa Uingereza ambao Kampala nzima imegawanyika kwa ajili yake, hawa Arsenal na wale Manchester. Mpira kwa dhati yake si haramu. Ila wakati wa Isha hupita watu wamesimama. Lililo baya zaidi ni kwamba mlango wa pili baada ya kibanda huwa ni duka la kubahatisha matokeo ya mechi. Hapo hukumu haina hitilafu ya madhehebu. Kamari imeharimishwa katika Kurani pamoja na ulevi, na Mtume ameamrisha kuwa mtu akimwambia mwenziwe tu, njoo tucheze kamari, basi atoe sadaka. Ikiwa neno tupu lina kafara, tendo litakuwaje? Serikali nayo imeona. Sheria ya mwaka 2016 haimruhusu aliye chini ya miaka 25 kucheza, na mwezi wa Januari mwaka 2019 Rais aliagiza leseni mpya za maduka hayo zisitolewe. Lakini askari hawezi kusimama kila mlango kuuliza miaka. Mwendesha boda boda aliyekesha akipeleka watu, akatia faida ya siku yake katika karatasi ya mechi nne, hurudi nyumbani mikono mitupu, akamkuta mkewe ameweka maji motoni akingojea unga. Ugomvi huanza hapo, na nyumba nyingi zimevunjika kwa ugomvi huo.

Hapa ndipo pana neno juu ya baba mkali. Wako wazazi wacha Mungu, nia zao njema, ambao wakiisha kuona hatari hiyo hukataza kila kitu: mpira wa magome ya mgomba, ngoma, hadithi za sungura kuwa ni uwongo, na mweso kuwa ni kamari. Mtoto wao hukaa kimya nyumbani kwa miaka kadhaa. Kisha siku moja hutoka, na kwa kuwa amefundishwa kuwa kila mchezo ni dhambi, hana mizani ya kupimia dhambi moja na nyingine. Mweso na duka la mechi kwake ni mamoja. Baba huyo alitaka kufunga mlango mmoja, akabomoa ukuta.

Ama mweso, inafaa uelezwe, kwani watu huuliza. Ubao wake una safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na mbegu 64, kila mchezaji akianza na 32. Ni ndugu wa bao la pwani. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa Uganda, walikwisha kuutaja katika vitabu vyao mchezo wa mashimo yatiwayo vijiwe, wakahitilafiana. Kanuni waliyoipima kwayo ni hii: mchezo utegemeao dadu, kama nardi, umekatazwa, na mchezo utegemeao hesabu na fikira, kama sataranji, hukumu yake ni nyepesi zaidi, nao wengi wameuhesabu kuwa karaha tu, maadamu hauna mali inayoshindaniwa, haupotezi sala, wala hauna matusi. Mweso hauna dadu. Mtu huhesabu, huona mbele, hunyamaza, hupanga. Kwa hiyo uko karibu na sataranji kuliko nardi, na mzee achezaye na mjukuu wake mlangoni baada ya Alasiri hana haja ya kujificha akimwona sheikh anapita. Ludo, ipendwayo sana katika vituo vya boda boda, ina dadu, na kuiacha ni salama zaidi. Karata za matatu zikiwekewa fedha ni kamari, hata ikiwa ni shilingi mia.

Wanawake hawana haja ya kufundishwa sana katika jambo hili, kwani wao hawakuacha. Pale penye ukindu, ambao Waganda huuita ensansa, pana mazungumzo. Mkeka husukwa kwa mikono ilhali ulimi uko huru, rangi ya zambarau ikifuata ya kijani, na binti aketiye karibu na mama yake husikia habari za shangazi, za mimba, za deni, na za namna ya kumsemesha mume aliyekasirika. Hakuna madrasa ifundishayo hayo. Mikeka ya plastiki imepunguza bei na kazi, lakini haijaiondoa ile ya ukindu. Na katika maulidi na arusi wangali wapo wapigao matari wakasifu Mtume. Juu ya maulidi watu wa Uganda wana maneno yao, huyu akipinga na huyu akipenda. Yatosha kukumbusha kuwa baada ya mwaka 1921 Waislamu wa Buganda waligawanyika juu ya kusali Adhuhuri baada ya Ijumaa, jamaa wa damu moja wakatengana, na hasara ya utengano ule ikawa kubwa kuliko ile mas'ala yenyewe.

Ramadhani huonyesha kuwa jambo hili lawezekana. Kwa kuwa Kampala iko karibu mno na ikweta, jua hutua baina ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja na dakika chache mwaka mzima, wala Ramadhani haiji ndefu wala fupi kama ilivyo kwa ndugu walioko Ulaya. Jioni hizo thelathini, baba yule yule asemaye kuwa chumba ni kidogo huonekana ameketi juu ya mkeka kizingitini, tende mbele yake, uji, mihogo na matoke, na wanawe wote wamemzunguka. Mtoto hutumwa na sahani iliyofunikwa kwa jirani Mkristo, na sahani haisafishwi tu ikarudi tupu. Hurudi na ndizi mbivu au mayai mawili. Chumba hakikuongezwa hata shubiri moja. Kisha mwezi wa Shawwali waandama, pilau ya Idi yaliwa, na usiku wa pili mkeka hukunjwa ukasimamishwa nyuma ya mlango.

Basi kinachoombwa kwa wazee wa Kamwokya si kikubwa. Usiku mmoja katika wiki, kwa mfano usiku wa kuamkia Ijumaa, mkeka ule utandikwe baada ya Isha kama ulivyotandikwa katika Ramadhani. Asiyekuwa na ubao wa mweso na achimbe mashimo 32 ardhini, watoto waokote vijiwe. Asiyejua hadithi na aulize mama yake. Akiwa hayupo tena, jirani mzee yupo, naye hufurahi sana kuulizwa. Chai ya tangawizi yatosha, au buni za kutafuna kama desturi ya Waganda wanapomkaribisha mgeni. Mtu wa pwani hunywa buni hiyo hiyo ikiwa kahawa chungu, na mabishano baina ya wawili hao juu ya njia iliyo bora yaweza kumaliza usiku peke yake.

Na likizo ya shule ikija, watoto na wapelekwe Jumba la Makumbusho la Uganda. Lilianzishwa mwaka 1908, na tangu mwaka 1954 liko katika jengo lake la sasa kwenye barabara ya Kira, mahali ambapo mtoto wa Kamwokya aweza kufika kwa miguu yake. Watu hutoka nchi za mbali kuja kuzitazama ngoma zile, zeze, na vyombo vya nyumbani, ilhali wengi wa mtaa huu hupita langoni kila siku wakielekea mjini wala hawajaingia. Baba aende nao mwenyewe, asimtume mtu. Wakirudi, bibi yao na awaulize waliona nini, na kila chombo watakachokitaja awaambie jina lake, na nani katika ukoo wao alikuwa nacho, na kilitumikaje.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.